UZI: Mawakili wachanga wa London na New York mishahara imepaa. Ofisi inaimudu vipi, na nani anaumia?

Mleta uzi

Wakuu, na hasa mawakili wasomi mliomo humu, salaam.

Mei 2024 ofisi ya Freshfields ya London ilitangaza kwamba wakili aliyemaliza uanagenzi na kuidhinishwa ataanza na paundi 150,000 kwa mwaka. Kabla ya hapo alikuwa anaanza na 125,000. Haikuchukua muda, Linklaters, Clifford Chance, Slaughter and May na A&O Shearman nazo zikafika hapohapo. Hizo ni ofisi zenye asili ya Kiingereza. Ofisi za Kimarekani zilizopo London zilikuwa zimeshazipita, nyingine zikimpa kijana wa ngazi hiyohiyo paundi 180,000. Huko New York kwenyewe, mwanasheria wa mwaka wa kwanza katika ofisi kubwa anaanza na dola 225,000 tangu Novemba 2023, na bonasi haijahesabiwa hapo.

Mimi nasimamia fedha na watumishi kwenye ofisi ya mawakili, kwa hiyo namba hizi nazitazama kwa jicho la mtu anayetakiwa kuzilipa. Pesa hiyo inatoka mfukoni mwa nani? Na ile ofisi ya kati, yenye mawakili thelathini au arobaini na isiyo na mabenki ya Wall Street kati ya wateja wake, inafanya nini siku kijana wake bora anapoandikiwa barua na jirani?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Ofisi nyingi zinapandisha mshahara kwa sababu jirani kapandisha, kisha zinaifidia pesa hiyo kwa kumwongezea kijana saa za kazi. Hapo ndipo zinapoharibu. Kama hujagusa namna unavyompa kijana kazi, unavyomfundisha na unavyomwandikia mteja ankara, nyongeza ya mshahara itakuletea tatizo kubwa kuliko lile ulilotaka kuliondoa.

Naendelea hapo chini, msikate uzi.

Mleta uzi

Uingereza ya zamani kijana aliyetaka uwakili hakulipwa. Wazazi wake ndio waliomlipa wakili ili ampokee ofisini. Hata New York ya karne ya 19 vijana walinakili nyaraka kwa ujira mdogo au bila ujira, kwa kuwa ilihesabiwa kwamba wanapewa elimu. Aliyeugeuza utaratibu huo ni Paul Cravath, mwanzoni mwa karne ya 20. Alichukua wahitimu bora moja kwa moja kutoka vyuoni, akawalipa mshahara, akawazungusha kwa mabosi mbalimbali wajifunze kila upande wa kazi, na baada ya miaka kadhaa ama mtu anafanywa mbia, yaani mmiliki mwenza wa ofisi, ama anaondoka. Waliohitimu mwaka mmoja wanalipwa sawa. Naomba mlikumbuke hilo la kuzungushwa na kufundishwa, maana mshahara wa Cravath ulikuja pamoja na shule.

Mwaka 1968 ofisi yake, ambayo bado inaitwa Cravath, ilipandisha mshahara wa kuanzia hadi dola 15,000 na wengine New York wakalazimika kufuata. Mwaka 1986 ikafika 65,000. Mwaka 2000 aliyewasha moto alitoka California: Gunderson Dettmer, ofisi ya Silicon Valley, iliweka 125,000 kwa sababu vijana walikuwa wanazikimbia ofisi za sheria na kwenda kampuni za intaneti. Mwaka 2007 Simpson Thacher, ofisi ya New York, ikaweka 160,000.

Halafu ukaja msukosuko wa fedha wa 2008. Ofisi zikapunguza watu, na wahitimu wengi walioahidiwa kuanza kazi 2009 wakaambiwa wasubiri hadi mwaka unaofuata, baadhi wakipewa posho ya kukaa nyumbani. Zipo ofisi zilizoshusha mishahara, lakini ngazi ya mishahara ya New York haikushuka. Ilibaki 160,000 hadi Juni 2016, Cravath ilipoweka 180,000. Tangu hapo anayeanzisha mara nyingi ni Milbank, ofisi nyingine ya New York: 190,000 mwaka 2018, 202,500 mwaka 2021 (Davis Polk ikaongeza ikawa 205,000), 215,000 mwaka 2022, na hiyo 225,000 ya 2023.

Kwa msimamizi wa ofisi hapa pana funzo zito. Mshahara wa kuanzia ukishapanda, ni vigumu kurudi. Soko likiharibika utakachopunguza ni watu. Kwa hiyo unapotia saini nyongeza mwaka wa neema, unaamua pia ni wangapi utawaondoa mwaka wa ukame.

Na kwa nini mmoja akipandisha wote wanafuata? Sehemu kubwa ni uwazi. Jarida la The American Lawyer lilianzishwa na Steven Brill mwaka 1979, na mwaka 1985 likaanza kuchapisha orodha ya ofisi kubwa pamoja na mapato yake na faida ya kila mbia. Kabla ya hapo mbia wa ofisi moja alikuwa anakisia tu cha jirani. Siku hizi barua ya ndani ya kuongeza mishahara inatoka saa nne asubuhi na saa saba mchana iko mtandaoni. Mbia anayechelewa kujibu anaonekana hana pesa, na hakuna kitu mbia anaogopa kama hicho.

Mdau wa Arusha

Mkuu, heshima kwako, ila sijaona tatizo. Wabia wa ofisi hizo wanagawana mamilioni ya dola kila mwaka. Kijana anayekesha mpaka alfajiri akisoma mikataba apewe chake. Tukianza kuuliza "itamudu vipi" mwisho wake ni kumnyima.

Mleta uzi

Mdau wa Arusha, nakubaliana nawe kwamba apewe chake. Naomba tupige hesabu kwanza, halafu tuone ni nani anayemnyima.

Biashara hii ina kanuni ya zamani ya mafungu matatu. Anachokiingiza wakili, fungu moja linamlipa yeye, fungu moja linalipa pango, makarani, bima na kompyuta, na fungu moja linabaki kwa wabia. Kanuni haifuatwi kila mahali, lakini ni kipimo kizuri cha kuanzia.

Mahakama za Uingereza zina viwango elekezi vya saa, vinavyosaidia kukadiria gharama ambazo aliyeshindwa atamlipa aliyeshinda. Viwango vya 2021 kwa kazi nzito za kibiashara katikati ya London vilimweka wakili wa ngazi ya chini, aliyekwisha kuidhinishwa, kwenye paundi 270 kwa saa. Chukua saa 1,700 za kumtoza mteja kwa mwaka zizidishe mara 270, unapata paundi 459,000. Theluthi yake ni 153,000. Kwa hiyo mshahara wa 150,000 unaingia kwenye kanuni, ila kwa kubanana sana, na kwa sharti kwamba kila saa aliyofanya imelipwa.

Sharti hilo ndilo halitimii. Kijana wa mwaka wa kwanza anachukua saa sita kuandika kitu ambacho mwenzake wa mwaka wa tano angekimaliza kwa mbili. Mbia akikaa kuandaa ankara anaona aibu kumtoza mteja zote sita, anakata. Tuseme zinalipwa 80 katika kila 100: ile 459,000 inakuwa 367,200, na theluthi yake ni 122,400. Pengo la 27,600 kwa kijana mmoja lipo tayari. Zidisha kwa idadi ya vijana.

Sasa toka London. Kwa miji kama Manchester na Birmingham kiwango elekezi cha ngazi ileile mwaka huo kilikuwa paundi 178. Kwa saa 1,700 ni 302,600, theluthi yake haifiki hata 101,000. Ofisi ya huko ikisema "na sisi tunalipa kama London" inakula fungu la wabia kwa kila kijana kuanzia siku ya kwanza.

Utaniambia ofisi kubwa zinatoza juu ya viwango elekezi. Ni kweli, na kwa mbali sana. Ila mwaka 2022, katika shauri la Samsung na LG, Mahakama ya Rufani ilisema anayetaka kufidiwa zaidi ya kiwango elekezi aje na sababu nzito na ya wazi, na kwamba kusema kesi ni ya kibiashara hakutoshi. Maana yake ni kwamba mteja ameshinda kesi na bado tofauti ile anaimeza mwenyewe. Wateja wakubwa wameshaliona. Wapo walioweka kwenye masharti yao kwamba hawalipii kazi ya mwanasheria wa mwaka wa kwanza kabisa.

Mteja akigoma na mbia hataki fungu lake liguswe, anabaki kijana. Saa 1,700 zinakuwa 1,900, zinakuwa 2,000. Chuo cha sheria cha Yale kiliwahi kuwapigia wanafunzi wake hesabu: ili uandike saa 1,800 za kumtoza mteja, ukijumlisha chakula, mikutano ya ndani, mafunzo na safari ya kwenda na kurudi, unatumia kama saa 2,420 za maisha yako kwa mwaka. Tulipokuwa tunashangilia mshahara, hiki ndicho kilichokuwa kinatokea upande wa pili.

Mdau wa London

Dada mleta uzi, asante sana. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeidhinishwa hapa London na nafanya kazi kwenye ofisi ambayo sitaitaja. Niseme ninachokijua.

Mshahara ulipopanda tulifurahi, nami nilifurahi zaidi kwa sababu nyumbani wananitegemea. Ila miezi iliyofuata mambo yalianza kubadilika taratibu. Zamani bosi alikuwa ananiita kwenye simu na mteja nisikilize tu, hamtozi mteja saa zangu. Hiyo ikafa. Ukiuliza unaambiwa mteja hatalipia watu wawili. Zamani rasimu yangu ilikuwa inarudi imejaa wino, najua nimekosea wapi na kwa nini. Sasa bosi anairekebisha mwenyewe usiku na kuituma, naona toleo la mwisho kesho yake kwenye barua pepe. Anasema ni haraka zaidi hivyo, na ni kweli ni haraka.

Matokeo yake nina miaka kadhaa ya kazi na kuna mambo ya msingi sijayafanya hata mara moja. Nikihama nitaulizwa kwenye usaili: umewahi kuongoza majadiliano ya mkataba? Nitajibu nini? Pesa naipata, naishukuru. Ila kama kuna anayesimamia ofisi anasoma hapa, ajue kwamba tunaoondoka mwaka wa tatu hatuondoki kwa ajili ya pesa peke yake.

Mleta uzi

Mdau wa London, pole, na asante kwa kuliweka wazi hivyo. Umeeleza kwa aya moja kitu ambacho mabosi wengi hawakioni kwenye taarifa zao za mwezi, kwa sababu mafunzo yaliyokufa hayana safu yake kwenye hesabu.

Niongezee jambo la ngazi, kwa kuwa ndilo linalosahaulika zaidi. Ukiitazama ngazi ya Cravath ya Novemba 2023, mwaka wa kwanza ni dola 225,000, wa pili 235,000, wa tatu 260,000, wa nne 310,000, wa tano 365,000, kisha 390,000, 420,000 na 435,000. Ona mruko mkubwa uko wapi: kutoka wa tatu kwenda wa nne ni 50,000, kwenda wa tano ni 55,000. Waliweka uzito pale ambapo wakili ameshaiva, anaweza kubeba faili peke yake, na ndipo anapowindwa. Tena 2018, 2022 na 2023 Milbank ilipotangulia, Cravath iliijibu kwa kuwaongezea zaidi wakongwe.

Ofisi zinazoiga huchukua ile tarakimu ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoandikwa magazetini na ndiyo wanafunzi wanayoitazama. Wanampandisha anayeanza kwa 25,000 na wa mwaka wa nne kwa 8,000. Sasa mtu aliyemfundisha kijana, aliyekaa naye mpaka usiku, anamzidi kidogo tu. Huyo hatagombana nawe. Atasubiri bonasi ya Desemba iingie benki, aandike barua.

Kwa hiyo ukiwa na fungu la nyongeza, ushauri wangu ni huu: lipeleke kwanza mwaka wa tatu hadi wa sita. Anayeanza mwongeze kiasi cha kumwezesha kuishi kwa heshima kwenye jiji lake na kulipa madeni ya masomo. Kumfukuzia Milbank ukiwa huna wateja wa Milbank ni kuwaibia wakongwe wako.

La pili ni mafunzo, na hapa nasisitiza yaandikwe kwenye mfumo wa saa. Kama kijana anatakiwa saa 1,700, amua kwamba 150 kati ya hizo ni za kujifunza: kukaa kwenye simu za wateja, kwenda mahakamani kusikiliza, kurudishiwa rasimu na kuijadili. Zihesabiwe sawa na saa za mteja kwenye bonasi. Na bosi anayefundisha naye apewe saa zake. Ofisi ambayo bosi analipwa kwa ankara alizotoa peke yake haitafundisha mtu hata ikiweka bango ukutani.

La tatu ni kuangalia nani anapewa kazi. Chukua orodha ya saa za vijana wote mwezi uliopita. Utakuta mmoja ana 210 na mwenzake ana 95, mshahara uleule. Mara nyingi sababu ni kwamba mabosi wanampa kazi waliyemzoea, au wanayefanana naye. Yule wa 95 utamwita mzembe mwisho wa mwaka wakati hakupewa nafasi, na yule wa 210 utamzika. Mtu mmoja akigawa kazi kila Jumatatu, bila kuwaachia mabosi wachaguane, gharama ya mishahara hiyohiyo inaanza kuzaa.

Kuhusu ankara: kazi zinazojirudia zitolewe kwa bei ya jumla. Usajili wa kampuni, mikataba ya pango, ukaguzi wa nyaraka kabla ya mauziano. Mteja akijua bei mapema anaacha kuhesabu vichwa kwenye simu, na bosi anapata nafasi ya kumwita kijana asikilize bila hofu. Lile lililomkuta mdau wa London linazaliwa kwenye ankara ya saa.

Ofisi kubwa zenyewe zimejibu kwa kuhamisha kazi. Allen & Overy (ambayo 2024 iliungana na Shearman) na Herbert Smith zilifungua vituo Belfast mwaka 2011, Freshfields ikaenda Manchester 2015, Clifford Chance ikachukua kituo Newcastle 2018. Ukaguzi wa nyaraka unafanywa huko kwa gharama ndogo. Mwaka 2023 Allen & Overy ikawa ya kwanza kati ya kubwa kutangaza kwamba inawapa mawakili wake programu ya akili unde iitwayo Harvey. Nazikubali njia hizi kwa sehemu. Shaka yangu ni kwamba kazi inayohamishwa ndiyo ileile ambayo kijana alijifunzia kusoma mkataba. Ukiiondoa, lazima useme atajifunzia wapi, na hapo narudi kwenye zile saa 150.

Mdau wa Tanga

Naomba niweke jambo kidogo ili wadogo zetu waliopo vyuoni wasidanganyike wakisoma tarakimu hizi. Uingereza hiyohiyo mawakili wa kesi za jinai waligoma mwaka 2022. Ilifika Septemba wakaacha kabisa kuingia mahakamani, wakarudi Oktoba baada ya serikali kuboresha ahadi yake ya nyongeza ya asilimia 15 ya ada. Chama chao kilikuwa kinalalamika kwamba walio miaka mitatu ya mwanzo wanabaki na kama paundi 12,200 kwa mwaka baada ya gharama. Hawa hawaajiriwi, kila mmoja anajitegemea, lakini ni wanasheria wa nchi moja, wamesoma vyuo vilevile.

Mleta uzi

Mdau wa Tanga umefanya la maana sana. Marekani nako chama cha NALP, kinachofuatilia ajira za wahitimu wa sheria, kimeonyesha kwa miaka mingi kwamba mishahara ya kuanzia ina vilele viwili: kundi kubwa chini kabisa, kundi jingine juu kwenye ngazi ya ofisi kubwa, na katikati watu wachache. Ukimwambia kijana "wastani", unamtajia mshahara ambao karibu hakuna anayelipwa.

Na hiyo ndiyo sababu nyingine ya ofisi ya kati kuacha kukimbizana. Ipo kati ya vilele viwili. Vijana waliopo chini wapo tayari kupanda kwenda kwake, na waliopo juu wapo wanaotaka kushuka ili wapumue. Ofisi yenye mafunzo ya kweli inaweza kuchukua kutoka pande zote.

Mdau wa Nairobi

Mleta uzi, hongera kwa kazi hii. Lakini niulize kwa niaba ya wengi: haya yanatuhusu vipi sisi? Hapa kwetu Kenya kijana anatoka Kenya School of Law, anatafuta pa kufanyia uanagenzi wa miezi sita, na wapo wanaofanya bila kupewa chochote, hata nauli. Ofisi zenye wateja wa kimataifa zinawalipa vizuri kiasi, lakini ni chache. Tunazungumzia kudhibiti nyongeza wakati wengine hawajapewa hata cha kuanzia.

Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, swali lako nalichukulia kwa uzito wote, na Dar es Salaam nako kilio ni hichohicho kwa vijana wanaotoka Law School pale Sam Nujoma.

Kuna vitu havihamishiki. Ngazi ya New York imesimama juu ya mteja anayelipa kwa saa, na kwa bei kubwa. Sisi sehemu kubwa ya kazi ni ya ada ya jumla, mteja anaomba apunguziwe, anatoa nusu, nusu nyingine unaifuata mwaka mzima. Nchi zote mbili zina amri za ada za mawakili zinazoweka viwango, lakini anayejua soko anajua mara ngapi wakili anakubali chini ya hapo ili asipoteze faili. Ofisi isiyokusanya madeni yake haiwezi kupandisha mshahara wa mtu. Kwa hiyo kwetu hatua ya kwanza ya kumlipa kijana vizuri iko kwenye kukusanya: barua ya makubaliano na mteja kabla faili halijafunguliwa, malipo ya awali, na mtu mmoja anayepiga simu za madeni kila wiki.

Kinachohamishika ni kile cha Cravath cha mwanzo, kuzungushwa na kufundishwa. Hakihitaji dola. Na kumtumia mwanagenzi miezi sita bila hata nauli mimi sikubaliani nako kabisa, kwa sababu moja ya wazi: anayeweza kukaa Nairobi au Dar miezi sita bila kipato ni mtoto wa mwenye nacho. Tunachuja kwa mfuko wa baba kabla hatujaona uwezo wa mtoto. Kama ofisi haina pesa ya kulipa wanagenzi wanne, ichukue wawili iwape nauli na chakula.

Pia huku kwetu kuna utaratibu wa kumpa kijana asilimia ya ada ya faili alilolileta mwenyewe. Ni mzuri, ila uandikwe. Nimeona watu wakikosana vibaya kwa sababu asilimia ilitajwa kwa mdomo kwenye kikao, na faili likaja kulipa baada ya miaka miwili kila mtu akikumbuka lake.

Mdau wa Dodoma

Nina swali la haraka na ni la leo leo. Kijana wangu wa mwaka wa nne kaja na barua ya ofisi nyingine, wanampa karibu nusu tena ya anachopata. Ni mzuri, faili mbili kubwa zinamtegemea. Wabia wenzangu wanasema tumlinganishie abaki. Nifanyeje?

Mleta uzi

Mkuu, usijibu leo. Kaa naye kwanza, umuulize alianza lini kutafuta na nini kilitokea wiki ile. Karibu kila mara kuna tukio: alinyimwa faili, alisemwa mbele ya mteja, aliona mwenzake kapandishwa bila maelezo. Kama ni hilo, pesa haitalifuta, na utakuwa umelipa nusu tena kwa mtu atakayeondoka kabla ya mwaka kwisha.

Kama kweli ni mshahara, toa orodha ya wenzake wa ngazi hiyo uitazame kabla ya kumpa chochote. Ukimlinganishia yeye peke yake, wenzake watajua kufikia Ijumaa, na utakuwa umewafundisha kwamba hapa nyongeza inapatikana kwa barua ya nje. Kama mshahara wa ngazi nzima uko chini, pandisha ngazi nzima kwa kiasi unachokimudu, hata kama hakifikii kile alichoahidiwa, na umwambie hivyo ana kwa ana, pamoja na lini atafikiriwa kuwa mbia na kwa vigezo gani. Viandike.

Akiamua kwenda, muage vizuri na umwombe wiki za kutosha kukabidhi hizo faili mbili. Na tangu kesho, kila faili kubwa liwe na mawakili wawili wanaolijua. Hilo la pili usilisubirishe hata kama atabaki.

Ukishaongea naye rudi hapa utuambie amesema nini, tutaendelea kutokea hapo.